Adimu, Bwete, Adhimu: Historia ya Gesi Zilizopewa Majina Kabla ya Kujulikana

Wengi wetu tuliosoma kemia kule nyumbani tunaikumbuka ile chati kubwa ya elementi. Upande wa kulia kabisa palikuwa na safu moja ya elementi sita: heli, neoni, arigoni, kriptoni, xenoni na radoni. Safu hiyo ilikuwa haichukui muda darasani. Tuliambiwa kwamba hizi ni gesi zisizochanganyika na kitu chochote, basi, tukahamia safu nyingine zenye mambo mengi zaidi.

Katika makala haya tunapenda kurudi kwenye safu ile na kuuliza maswali mawili. Kwanza, ni kwa nini gesi hizi hazimenyuki kirahisi na elementi nyingine? Pili, ilikuwaje mabingwa wa kemia wakaamini kwa zaidi ya miaka 60 kwamba haziwezi kumenyuka hata kidogo, ilhali jambo hilo halikuwa kweli? Swali la kwanza ni la sayansi, na la pili ni la historia. Lakini tutaona kwamba huwezi kulijibu moja ukaliacha jengine.

Kiswahili chetu kina majina matatu ya gesi hizi. Wako wanaoziita gesi adimu, wako wanaoziita gesi bwete, na wako wanaoziita gesi adhimu. Yote matatu yamefuata majina ya Ulaya, na yote yalitolewa kabla gesi zenyewe hazijajulikana vyema. Kwa hivyo tutakapokuwa tunasimulia, tutayapima majina haya moja baada ya jengine.

Kipovu na mstari wa njano

Mwaka 1785, Henry Cavendish, tajiri wa Kiingereza aliyependa sayansi kuliko kukaa na watu, alifungia hewa ndani ya mrija wa kioo. Akaongeza oksijeni, kisha akawa anapitisha cheche za umeme. Cheche ziliilazimisha nitrojeni ya hewani iungane na oksijeni, na gesi iliyopatikana ikafyonzwa na maji yenye magadi. Akaendelea hivyo mpaka nitrojeni ikamalizika, halafu akaiondoa na ile oksijeni iliyozidi. Ndani ya mrija kikabaki kipovu kidogo ambacho cheche hazikukifanya kitu. Cavendish alikadiria kwamba kipovu kile hakizidi sehemu 1 kati ya 120 ya nitrojeni aliyoanza nayo. Akaliandika hilo, kisha akaendelea na shughuli zake, na kipovu kikasahauliwa kwa zaidi ya miaka 100. Leo tunajua kwamba arigoni iliyomo hewani ni kama sehemu 1 kwa kila 84 za nitrojeni, kwa hiyo mzee yule hakuwa mbali.

Tukio la pili lilitokea juu angani. Tarehe 18 Agosti 1868 Jua lilipatwa, na kivuli chake kikapita Aden, kikavuka Bara Hindi mpaka nchi ya Siam. Wataalamu walikuwa wamejipanga njiani na vyombo vya kuupasua mwanga katika rangi zake. Kila elementi ikiwaka hutoa mistari yake maalumu ya rangi, mfano wa alama ya kidole. Pembezoni mwa Jua ulionekana mstari wa njano. Oktoba ya mwaka huo huo Norman Lockyer, akiwa kwao Uingereza, aliupima mstari huo akaona haulingani na mistari ya njano ya sodiamu. Ikasemwa kuwa huko juani kuna elementi ambayo duniani haijulikani, ikaitwa heli, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya jua. Wengi hawakuamini.

Basi ikawa gesi mbili za safu ile zimekwishaonekana, moja ndani ya mrija na moja juani, na hapana aliyejua kwamba ni ndugu. Hazikuungana na kitu, hazikuwa na rangi wala harufu, na kwa hiyo hapakuwa na njia ya kawaida ya kuzishika.

Tofauti ya nusu asilimia

Aliyezifumbua ni mtu wa mizani. Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Kiingereza, alikuwa akipima uzito wa gesi kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 1892 akakutana na jambo la kuudhi. Lita moja ya nitrojeni aliyoitoa hewani ilikuwa na gramu 1.257. Lakini nitrojeni aliyoitengeneza kutokana na amonia na kemikali nyingine ilikuwa na gramu 1.251. Tofauti hiyo ni kiasi cha nusu ya asilimia moja. Mtu mwingine angeweza kuilaumu mizani na kulala usingizi wake. Rayleigh alirudia na kurudia, na tofauti ikabaki palepale. Akaandika barua katika jarida la Nature kuwaomba wanakemia wamsaidie.

Aliyeitikia kwa nguvu ni William Ramsay, Mskoti aliyekuwa akifundisha University College London. Yeye aliipitisha nitrojeni ya hewani juu ya magnesi iliyopashwa moto sana, kwani magnesi ikiwa hivyo huinyonya nitrojeni. Akawa anairudisha tena na tena, gesi inapungua, mpaka kikabaki kiasi kidogo kisichonyonyeka. Kipovu cha Cavendish kilikuwa kimerudi. Mwezi Agosti 1894, kwenye mkutano wa wanasayansi mjini Oxford, Rayleigh na Ramsay wakatangaza kwamba hewani mna gesi mpya. Ikaitwa argon, neno la Kigiriki lenye maana ya mvivu asiyefanya kazi.

Hapa tusimame kidogo tulipime lile jina la kwanza, gesi adimu. Arigoni ni karibu asilimia 0.93 ya hewa yote. Ni zaidi ya mara 20 ya kaboni dioksaidi. Chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3 kina kama lita 450 za arigoni, nasi tunaivuta na kuitoa usiku kucha. Xenoni ni adimu kweli, kwani haifiki sehemu 1 kwa kila milioni 10 za hewa. Lakini arigoni ilikuwa tele, isipokuwa haikuwa na njia ya kujitambulisha. Jina adimu liliwapata ndugu wote kwa sababu ya wachache wao.

Jina la pili, bwete, lilikuwa na ushahidi wake. Ramsay alijaribu kuichanganya arigoni na kila alichoweza. Kisha akampelekea sampuli Henri Moissan mjini Paris. Moissan ndiye mwaka 1886 aliyefanikiwa kuipata florini peke yake, elementi kali kuliko zote, ambayo hupambana na karibu kila inachokigusa. Mwaka 1895 Moissan akaikutanisha florini na arigoni. Hakikutokea kitu. Jaribio hilo lilikuwa la haki, na matokeo yake yalikuwa ya kweli kuhusu arigoni.

Mwezi Machi mwaka huo huo Ramsay akaipata heli hapa hapa duniani, ndani ya jiwe lenye urani. Mwaka 1898, pamoja na msaidizi wake Morris Travers, aliigeuza hewa kuwa kimiminika kwa baridi kali, kisha akawa anaichemsha polepole na kuzikusanya gesi moja moja zinavyotoka. Ndani ya wiki chache walipata elementi tatu. Ya kwanza wakaiita krypton, yaani iliyojificha. Ya pili wakaiita neon, yaani mpya, na inasimuliwa kwamba mtoto wa Ramsay ndiye aliyetoa wazo hilo. Ya tatu wakaiita xenon, yaani mgeni. Mwaka 1900 Friedrich Dorn, Mjerumani, akaiona gesi inayotoka kwenye radi, ambayo ndiyo radoni. Na mwaka 1904 Ramsay akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia, na Rayleigh ya fizikia.

Tatizo likawa ni wapi pa kuziweka kwenye chati. Mendeleev mwenyewe, Mrusi aliyeibuni chati ile, mwanzoni hakuikubali arigoni. Aliona huenda ni nitrojeni tu ambayo atomi zake zimeshikamana tatu tatu. Hatimaye ilifunguliwa safu mpya, ikapewa namba sifuri. Sifuri hiyo ilikuwa na maana yake: uwezo wa kuungana na wengine ni sifuri. Tuangalie vizuri hapo. Florini ilijaribiwa kwa arigoni, na hukumu ikapitishwa kwa ukoo mzima, pamoja na xenoni ambayo wakati wa jaribio lile ilikuwa haijagunduliwa.

Jina la tatu, adhimu, lilitoka Ujerumani mwaka 1898, pale Hugo Erdmann alipoziita gesi hizi kwa sifa ile ile inayopewa dhahabu na platini, metali zisizoshika kutu. Hili lilikuwa na busara kuliko yale mawili, ingawa halikusikilizwa. Kila sonara anajua kwamba dhahabu haishiki kutu, lakini pia anajua kuwa ukichanganya asidi ya nitriki na ya hidrokloriki dhahabu huyeyuka. Uadhimu wa dhahabu haukuwahi kuwa na maana ya kutoguswa na chochote. Una maana kwamba kuigusa kunahitaji nguvu.

Kwa nini hazimenyuki

Mpaka hapo watu walijua kwamba gesi hizi haziungani, lakini hawakujua sababu. Sababu ilianza kupatikana mwaka 1916, kwa kazi za watu wawili waliofanya kila mmoja kivyake, Gilbert Lewis wa California na Walther Kossel wa Ujerumani.

Atomi ina kiini katikati, na kukizunguka kuna elektroni zilizopangwa katika matabaka. Tabaka la ndani kabisa huchukua elektroni 2. Katika elementi nyingi tunazozizungumzia, tabaka la nje hukamilika likiwa na 8. Sodiamu ina elektroni 1 tu katika tabaka lake la nje. Klorini inazo 7. Zikikutana, sodiamu huitoa ile moja, klorini huipokea, na tunapata chumvi ya mezani. Elementi nyingine hazitoi wala hazipokei bali hushirikiana elektroni, kama hidrojeni na oksijeni ndani ya maji. Sasa arigoni inazo 8, vivyo hivyo neoni, kriptoni, xenoni na radoni. Heli inazo 2, na tabaka lake halichukui zaidi ya hizo.

Vitabu vingi huishia hapo, vikasema kuwa atomi za gesi hizi zimetosheka. Ni lugha nzuri ya kukumbukia, lakini atomi haina moyo wa kutosheka. Inafaa tuulize jambo kwa lugha ya sokoni: kuna bei gani?

Ili kung'oa elektroni moja kutoka kila atomi ya sodiamu, kwa kipimo ambacho wanakemia hukiita moli, unahitaji kilojuli 496 za nishati. Kwa kipimo hicho hicho arigoni inataka kilojuli 1,521. Neoni inataka 2,081, na heli 2,372, ambayo ni bei kubwa kuliko ya elementi nyingine yoyote. Sababu ni hii. Ukitembea kwenye chati kutoka sodiamu kwenda arigoni, kila hatua kiini huongezewa chaji moja ya kuvuta, na elektroni inayoongezeka huingia katika tabaka lile lile. Elektroni za tabaka moja hazikingani vizuri na mvuto wa kiini. Kwa hivyo ukifika mwisho wa safari kiini kimekuwa na nguvu nyingi, na elektroni zote nane zimebanwa kweli kweli.

Hiyo ndiyo bei ya kutoa. Je, kupokea? Tabaka la nje limejaa, kwa hiyo elektroni mpya ingelazimika kukaa tabaka jengine lililo mbali, ambako kiini hakiivuti ipasavyo. Hakuna faida ya kuipokea. Basi gesi hizi hazitoi kwa sababu bei ni kubwa, na hazipokei kwa sababu hakuna faida. Hilo ndilo jibu la swali letu la kwanza, na hakuna ajabu nyingine iliyojificha nyuma yake.

Lakini msomaji mwenye jicho la biashara ataona jambo. Bei inaweza kushuka, na kweli hushuka kadiri atomi inavyokuwa kubwa. Kriptoni inataka kilojuli 1,351, xenoni 1,170 na radoni 1,037. Xenoni ina elektroni 54, na zile za nje ziko mbali na kiini, wala hazibanwi kama za heli. Sasa linganisha: atomi ya oksijeni inataka 1,314, na ya hidrojeni 1,312. Yaani elektroni ya xenoni ni rahisi kung'olewa kuliko ya hidrojeni au oksijeni, elementi mbili ambazo hakuna aliyewahi kuziita bwete.

Kossel mwenyewe aligusia mwaka ule wa 1916 kwamba huenda kriptoni na xenoni zikaungana na florini. Mwaka 1933 Linus Pauling, Mmarekani aliyekuja kuwa mashuhuri sana, alilisema wazi zaidi. Wenzake wawili huko California, Don Yost na Albert Kaye, wakaweka xenoni na florini pamoja na kupitisha umeme. Hawakupata kitu cha kuonyesha. Tuwe waadilifu hapa: xenoni ilikuwa ghali na ngumu kupatikana, na florini ni hatari kwa mapafu na macho. Lakini vilevile lile neno bwete lilikuwa limeota mizizi. Baada ya jaribio hilo moja kushindwa, karibu miaka 30 ilipita watu wakiwafundisha wanafunzi wao kwamba jambo hilo haliwezekani.

Ijumaa moja mjini Vancouver

Neil Bartlett alizaliwa Newcastle, Uingereza, mwaka 1932, na mwaka 1958 alihamia Canada kufundisha Chuo Kikuu cha British Columbia mjini Vancouver. Alikuwa akishughulika na msombo wa platini na florini unaotoa mvuke mwekundu, ambao una uroho mkubwa wa elektroni. Msombo, kwa asiyelizoea neno hili, ni kitu kinachopatikana elementi zikiungana kikemia.

Bartlett na mwanafunzi wake Derek Lohmann waligundua kwamba mvuke ule ulikuwa umefanya jambo lisilotarajiwa. Ulikuwa umeipokonya elektroni oksijeni, yaani molekuli ile ile ya oksijeni tunayoivuta puani. Oksijeni imezoeka kupokonya wengine, na sasa imepokonywa. Bartlett akaangalia ni bei gani iliyolipwa. Kung'oa elektroni kutoka molekuli ya oksijeni ni kama kilojuli 1,175. Akatafuta katika jedwali elementi nyingine zenye bei inayokaribia hiyo, akaona xenoni: 1,170.

Mawazo yote ya ugunduzi wake yamo katika namba hizo mbili. Kama mvuke ule umeweza kuilipia oksijeni, basi una uwezo wa kuilipia xenoni pia. Namba zote mbili zilikuwa zimechapishwa zamani, na yeyote mwenye maktaba angeweza kuziona. Bali aliyekwishakubali kwamba xenoni ni bwete hakuwa na haja ya kuitafuta bei yake.

Ijumaa ya tarehe 23 Machi 1962, Bartlett alitayarisha vyombo vya kioo, mvuke mwekundu upande mmoja na xenoni isiyo na rangi upande wa pili. Ilikuwa jioni. Alipokivunja kizuizi kilichozitenganisha, mvuke mwekundu ukatoweka papo hapo na kitu kigumu cha rangi ya manjano kikajitengeneza, tena katika joto la kawaida la chumba. Akatoka kutafuta wa kumwonyesha, na wenzake walikuwa wamekwenda kula chakula cha jioni. Makala aliyoitoa mwaka huo ilikuwa fupi sana. Baadaye ilionekana kwamba kitu kile cha manjano kilikuwa na mchanganyiko mwingi zaidi kuliko alivyodhani mwanzoni, lakini jambo kubwa lilibaki: xenoni ilikuwa imeungana.

Mlango ulipofunguka, wengi waliingia. Katika mwaka huo huo wa 1962, watafiti wa Argonne, karibu na Chicago, waliipasha moto xenoni pamoja na florini ndani ya chombo cha nikeli kwa nyuzi 400 hivi, wakapata msombo wenye fuwele nzuri nyeupe. Rudolf Hoppe mjini Münster, Ujerumani, akapata mwingine. Miaka michache baadaye ikaonekana kwamba mmojawapo wa misombo hiyo unaweza kutengenezwa kwa kuweka xenoni na florini ndani ya chombo cha kioo na kukianika juani. Hapakuwa na haja ya mitambo mikubwa. Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na elementi iliyoitwa mgeni ndiyo iliyoiponya kemia ugonjwa wake wa miaka mingi. Leo misombo ya xenoni inayojulikana inafika mamia, na mmoja wao hutumika viwandani kuchonga silikoni kwa ajili ya vifaa vidogo vya elektroniki.

Ndugu zake walifuata, kila mmoja kwa bei yake. Msombo wa kriptoni na florini ulithibitishwa mwaka 1963. Arigoni ilisubiri hadi mwaka 2000, ambapo watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki waliiunganisha na hidrojeni na florini kwa baridi ya nyuzi zipatazo 246 chini ya sifuri. Ukiupasha joto kidogo tu, msombo huo huvunjika. Heli yenyewe, yenye bei kubwa kuliko zote, mwaka 2017 ilitangazwa kuwa imeshikana na sodiamu, lakini kwa mgandamizo unaozidi mara milioni moja ule wa hewa tunayoishi ndani yake. Mpangilio huu unafuata zile namba za kilojuli tulizozitaja, na ndiyo maana tumesema kuwa namba zinaeleza mengi kuliko majina.

Faida na hasara za kutoungana

Pengine msomaji atauliza, haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu, kwani kutoungana kwa gesi hizi kunaingia majumbani mwetu kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni heli. Chuma, hata kikiliwa na kutu, bado kiko ardhini ndani ya msombo wake, na unaweza kukirudisha. Heli haina msombo wa kuishika. Ikiachiwa hewani hupanda juu, na mwisho huponyoka kabisa kwenda angani. Kwa hiyo tunaitegemea ile tu iliyonaswa chini ya miamba, ambayo ilitokana na urani na thori kuoza kwa mamilioni ya miaka. Na kazi yake si kujaza mapulizo ya sherehe za watoto tu. Heli iliyo kimiminika ndiyo inayopoza sumaku za mashine nyingi za MRI hospitalini. Qatar, ambako ndugu zetu wengi wanafanya kazi, ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani kutoka Ras Laffan, na mwezi Juni 2017 nchi hiyo ilipofungiwa mipaka, viwanda vyake vya heli vilisimama kwa muda na wanunuzi wa mbali wakapata wasiwasi. Mwaka 2016 ikatangazwa kwamba katika Bonde la Rukwa, Tanzania, mna akiba kubwa ya heli. Miamba ya kale sana ya huko iliitengeneza, na joto la volkeno za Bonde la Ufa likaifukuza kutoka ndani ya miamba. Heli imeweza kusafiri njia yote hiyo na kufika mzima kwa sababu haikuungana na chochote njiani.

Njia ya pili ni radoni, na hii tungependa kila msomaji aliye Uingereza, Marekani au Canada aizingatie. Radoni hutoka katika urani iliyomo ndani ya udongo na miamba. Kwa kuwa haiungani kirahisi na kitu, hakuna kinachoizuia ardhini, nayo hupenya kwenye nyufa za sakafu na kukusanyika ndani ya nyumba, hasa vyumba vya chini. Haina rangi wala harufu. Yenyewe tunaivuta na kuitoa, lakini inapooza hugeuka kuwa elementi nyingine ambazo si gesi na ambazo hushika ndani ya mapafu. Shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira linakadiria kwamba radoni husababisha vifo vipatavyo 21,000 vya saratani ya mapafu kila mwaka nchini humo, na Uingereza makadirio ni vifo kama 1,100. Vipimo vya kuitambua ni vya bei nafuu, na nyumba iliyozidi kiwango hurekebishwa kwa kupitisha hewa chini ya sakafu. Basi unaponunua nyumba au kupanga chumba cha chini, uliza habari ya radoni.

Kwa hivyo lile neno bwete limetupoteza kwa pande zote. Liliwafanya wanakemia wasitafute misombo ambayo ilikuwa inawezekana, na linaweza kumfanya mtu wa kawaida adhani kwamba kisichomenyuka hakina madhara wala thamani.

Sisi tunaoishi ugenini tunaijua vizuri habari ya kupewa jina siku ya kwanza na watu wasiotufahamu, kisha jina hilo likatangulia mbele yetu kila tunapokwenda. Hatusemi kwamba majina yasitumike, kwani bila majina hapana elimu. Tunachosema ni kwamba jina lisichukuliwe kuwa ndiyo sababu. Ukisema arigoni haimenyuki kwa kuwa ni gesi bwete, hujaeleza kitu, umelirudia jina tu. Ukisema inataka kilojuli 1,521, umempa msikilizaji kitu cha kukipima na cha kukilinganisha.

Watoto wetu wanazisoma gesi hizi kwa Kiingereza, Kiarabu au Kijerumani, kila mmoja katika nchi aliyomo. Wakirudi na kitabu mkononi na kutuuliza kwa nini heli haiungani na oksijeni, tusiwaambie kwamba haiwezekani. Tukae nao tuifungue ile chati, tuwaonyeshe bei ya heli juu na bei ya xenoni chini, kisha tuwaachie wao waseme ni ipi ingeuzwa kwanza.